Kanisa la Mtakatifu Paulo la Leipzig: jengo lililovunjwa kwa kura kabla ya baruti

Siku ya Alhamisi tarehe 30 Mei 1968, muda mfupi kabla ya saa nne asubuhi, Kanisa la Mtakatifu Paulo la Chuo Kikuu cha Leipzig, katika nchi iliyoitwa Ujerumani Mashariki, lililipuliwa kwa baruti na kuporomoka lote kwa sekunde chache mbele ya watu waliokuwa wamezuiwa na polisi pembezoni mwa uwanja. Halikuwa gofu. Mabomu ya Vita Kuu ya Pili yaliyoteketeza sehemu kubwa ya mji huo hayakuliangusha, na wiki moja tu kabla ya mlipuko, siku ya Sikukuu ya Kupaa kwa Bwana, waumini walikuwa wamekusanyika humo kwa ibada za mwisho.

Habari za nyumba za ibada kubomolewa ni nyingi, na aghalabu husimuliwa kama habari za mtawala katili na raia wasio na nguvu. Hayo yamo katika kisa hiki pia, lakini si sababu ya kukichagua. Nimekichagua kwa kuwa karibu kila hatua ya kulivunja kanisa hili ilipitia kwenye kikao cha chombo kinachotambulika, ikajadiliwa kwa namna fulani, ikapigiwa kura, na ikaingia kwenye kumbukumbu. Waliokuwa wakisali ndani ya jengo hawakuwa wamiliki wake, na mmiliki wake hakuwa na uhuru wa kukataa. Ni katika mwanya huo ndimo lilimopotelea kanisa lililokuwa limesimama kwa zaidi ya miaka 700, na ndio mwanya ninaotaka tuutazame kwa makini.

Kanisa lilijengwa na watawa wa shirika la Wadominiko, nalo liliwekwa wakfu mwaka 1240. Matengenezo ya Kanisa yalipofika Leipzig mwaka 1539, nyumba za watawa zilifungwa, na mwaka 1543 Moritz, mtawala wa Saxony, aliikabidhi nyumba ya Wadominiko pamoja na kanisa lake kwa chuo kikuu, ambacho kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1409. Tarehe 12 Agosti 1545 Martin Luther mwenyewe alihubiri humo na kuliweka wakfu kwa ibada za Kiprotestanti. Katika kusimulia historia hii watu wengi husimama kwenye jina la Luther na kuendelea mbele, ilhali uamuzi uliokuja kuwa mzito zaidi ni ule wa mwaka 1543: tangu siku hiyo jengo lilikuwa mali ya chuo, si mali ya usharika wala ya uongozi wa kanisa. Kwa zaidi ya karne nne jambo hilo halikumdhuru mtu yeyote, kwa sababu chuo chenyewe kilijiona kuwa taasisi ya Kikristo, na wanateolojia, wanasheria, matabibu na wanafalsafa wake waliliona kanisa kuwa moyo wa maisha yao ya pamoja.

Humo ndimo zilimofanyika sherehe kubwa za kitaaluma. Humo maprofesa walihubiriwa siku ya maziko yao, na wengi wao walizikwa chini ya sakafu hiyohiyo, huku kutani wakiwekewa vibao vya ukumbusho vya mawe na mbao vilivyochongwa kwa ustadi, kila kimoja kikitaja jina la marehemu, elimu yake na tumaini lake la ufufuo. Jengo lenyewe lilikuwa na ukumbi mpana wenye safu mbili za nguzo, na matao ya dari yaliyosukwa kwa mbavu za mawe. Mbele yake ilikuwako madhabahu ya mbao ya karne ya 15, yenye mabawa yanayofunguka, na picha za maisha ya Mtume Paulo. Johann Sebastian Bach, alipokuwa kiongozi wa muziki mjini Leipzig, aligombana na chuo juu ya haki ya kuongoza muziki wa ibada za kanisa hili hadi akapeleka malalamiko yake kwa mtawala wa Saxony. Mwaka 1727 utungo wake wa maombolezo ya malkia Christiane Eberhardine uliimbwa humo, na Oktoba 1729 aliandika moteti, yaani wimbo wa kwaya wa ibada, kwa ajili ya maziko ya Johann Heinrich Ernesti, mkuu wa shule ya Mtakatifu Thomas na profesa wa chuo. Mwaka 1847 mwili wa mtunzi wa muziki Felix Mendelssohn Bartholdy uliagwa humo kabla ya kupelekwa Berlin.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuuliza habari hizi zinamhusu nini. Zinamhusu zaidi ya anavyodhani, hasa kama ni Mlutheri wa Kilimanjaro, Arusha au Meru. Shirika la Misheni la Leipzig, lililotuma wamisionari waliofika Kilimanjaro mwaka 1893, lilikuwa limeanzia Dresden mwaka 1836, kisha likahamia Leipzig mwaka 1848 kwa sababu mahususi: viongozi wake walitaka wamisionari wasome katika chuo kikuu, wapate elimu ya teolojia na ya lugha kabla ya kwenda ng'ambo. Hilo ndilo chimbuko la kielimu la sharika za kwanza za mlimani. Kanisa la chuo hicho, mahali ambapo kitivo cha teolojia kilihubiri, lilikuwa sehemu ya nyumba walikotoka walimu wa waliotufundisha.

Baada ya vita hali ilibadilika taratibu, kisha kwa kasi. Tarehe 4 Desemba 1943 ndege za Uingereza zilikuwa zimeushambulia mji, na jengo kuu la chuo lililokuwa jirani na kanisa, lililoitwa Augusteum, likaharibiwa vibaya, kanisa likabaki. Parokia ya Wakatoliki, ambayo kanisa lake liliharibiwa na vita, ikapewa hifadhi humo, na kwa miaka zaidi ya ishirini Walutheri na Wakatoliki walitumia madhabahu moja kwa zamu. Vijana wengi walifurika kusikiliza mahubiri. Nje ya milango, uwanja uliokuwa mbele ya kanisa ulibadilishwa jina mwaka 1945 ukawa Uwanja wa Karl Marx, na mwaka 1953 chuo chenyewe kikaitwa Chuo Kikuu cha Karl Marx. Chama tawala kilitaka uwanja huo uwe kitovu cha mji wa kijamaa, na mwaka 1960 jumba jipya la opera lilifunguliwa upande mmoja wake. Walter Ulbricht, kiongozi wa nchi, alikuwa mzaliwa wa Leipzig, na mkuu wa chama katika mkoa, Paul Fröhlich, alikuwa mtu wake wa karibu na mwenye bidii kubwa katika jambo hili.

Haki inataka hoja ya serikali isemwe ilivyokuwa. Chuo kilihitaji nafasi kweli. Magofu ya Augusteum yalikuwa yamekaa miaka 25, wanafunzi walikuwa wameongezeka, na mji wowote uliopigwa mabomu unalazimika kuamua kipi kijengwe upya na kipi kiondolewe. Lakini haja ya kujenga kwenye kiwanja kilicho wazi au chenye magofu haizai haja ya kuvunja jengo zima lililo kando yake. Wataalamu wa uhifadhi wa majengo ya kale waliliambia hilo kila ofisi iliyokuwa tayari kuwasikiliza, na maaskofu wa makanisa yote mawili waliandika kupinga. Kilichokuwa kikiamuliwa hakikuwa nafasi ya vyumba vya madarasa. Kilikuwa ni nani aonekane mtu anapoutazama uwanja wa kati wa mji.

Mtiririko wa maamuzi yenyewe ulikuwa wa haraka mno. Mwezi Aprili 1968 wananchi walikuwa wamepigia kura katiba mpya, na katiba hiyo iliwahakikishia uhuru wa kuamini na kufanya ibada. Tarehe 7 Mei Politburo, yaani kamati ya juu ya uamuzi ya chama tawala, mjini Berlin iliidhinisha mpango wa ujenzi wa uwanja bila kanisa. Tarehe 16 Mei seneti ya chuo, mmiliki wa jengo, ilikutana na kuukubali, na upinzani ulitoka kwa kitivo cha teolojia peke yake. Tarehe 23 Mei baraza la madiwani la mji likapitisha, na katika ukumbi mzima diwani mmoja tu, aliyekuwa mchungaji, alinyoosha mkono kupinga. Toka kikao cha Berlin hadi mlipuko zilipita siku 23.

Tazama mpangilio huo kwa makini, maana umepangwa kwa akili. Uamuzi ulifanywa juu kabisa, kisha ukateremshwa kwenye vyombo vya chini ili viupitishe kana kwamba umetoka kwao. Seneti iliweza kusema kwamba inatekeleza mahitaji ya ujenzi ya chuo, madiwani waliweza kusema kwamba mmiliki mwenyewe amekubali, na Berlin iliweza kusema kwamba wananchi wa Leipzig wameamua kupitia wawakilishi wao. Kila mmoja alikuwa na mwenzake wa kumwonyesha kidole. Waumini, yaani watu pekee ambao jengo lilikuwa sehemu ya maisha yao ya kila wiki, hawakuwa na kiti katika kikao hata kimoja, kwa kuwa mbele ya sheria walikuwa wageni wa chuo. Endapo kanisa lingekuwa mali ya uongozi wa Kanisa la Saxony, naamini serikali bado ingejaribu, maana makanisa mengine yaliyomilikiwa na sharika yalibomolewa pia katika nchi hiyo. Lakini ingelazimika kumnyang'anya mwenye mali hadharani, na mwenye mali angekuwa na mahali pa kusimama na kupinga kwa jina lake. Leipzig hapakuwa na mtu wa kunyang'anywa. Mmiliki alitoa mwenyewe.

Siku ileile madiwani walipopiga kura ilikuwa ndiyo Sikukuu ya Kupaa, na usiku wake milango ilifungwa. Kuanzia hapo hadi tarehe 30 kazi mbili zilifanyika kwa wakati mmoja ndani ya jengo moja: mafundi wa milipuko walitoboa matundu kwenye kuta na nguzo ili kupachika baruti, na kando yao kikundi kidogo cha wahifadhi na wachongaji wa mawe kikang'oa kilichowezekana kung'olewa. Madhabahu ilitolewa. Mimbari ya mbao ya karne ya 18 ilitolewa. Vibao vya ukumbusho vilivyokuwa vimejengewa kutani kwa karne mbili au tatu vilichomolewa kwa patasi na mitaimbo, vipande vingine vikivunjika mikononi mwa watu waliokuwa wakijua kabisa wanachokiharibu, kwa sababu njia ya upole ingehitaji miezi na wao walikuwa na siku chache. Vilivyookolewa vikaishia kwenye maghala, na miaka mingi ya unyevu na kusahauliwa ikaongeza majeraha mengine. Kinanda kikubwa cha mabomba kilipotea. Makaburi yaliyokuwa chini ya sakafu, mamia kwa idadi, yalifunguliwa kwa haraka na bila heshima, na familia hazikuitwa. Kwa mtu aliyelelewa katika jamii inayojua uzito wa kuhamisha kaburi moja, tena kwa matambiko au sala na ndugu wote wakiwapo, sehemu hii ndiyo ngumu kuliko zote kuisoma.

Watu hawakunyamaza. Siku zote hizo walikusanyika uwanjani, wengine wakiwa na maua, wengine wakisimama tu kimya, na polisi wakawatawanya na kuwakamata baadhi yao, wakiwemo wanafunzi wa teolojia. Siku ya mlipuko picha zilipigwa kwa siri kutoka madirishani, na ndizo zinazotuonyesha leo ukuta wa mbele ukiinama na mnara mdogo wa paa ukizama ndani ya vumbi.

Wiki tatu baadaye, tarehe 20 Juni 1968, mashindano ya kimataifa ya muziki wa Bach yalikuwa yakifungwa katika ukumbi wa Kongresshalle mjini humo, wageni wa nchi za nje na wakubwa wa serikali wakiwa wameketi. Ghafla juu ya jukwaa likakunjuka bango la kitambaa lenye mchoro wa kanisa, mwaka 1968, msalaba, na maneno yanayodai lijengwe upya. Lilikuwa limefungwa huko juu mapema na kuunganishwa na saa ya kengele iliyorekebishwa ili ilifungue kwa wakati, hivyo waliolitundika hawakuhitaji kuwa karibu. Ukumbi ukapiga makofi kwa muda mrefu kabla ya bango kuondolewa. Waliolitengeneza walikuwa vijana wanafizikia. Wawili kati yao, Harald Fritzsch na Stefan Welzk, walitoroka msimu huohuo kwa kuvuka Bahari Nyeusi kutoka Bulgaria hadi Uturuki kwa mtumbwi wa kukunja. Fritzsch alikuja kuwa mmoja wa wanafizikia mashuhuri wa chembe ndogo kabisa za maada. Mwenzao Dietrich Koch alikamatwa mwaka 1970, akahukumiwa kifungo, na akapelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili kabla ya kuachiwa kwenda Ujerumani Magharibi. Tofauti kati ya maisha yao inaonyesha gharama ya jambo hili kwa aliyebaki.

Kifusi kilibebwa kwa malori hadi shimo la mchanga lililoko Probstheida, nje ya katikati ya mji, na kumwagwa humo pamoja na mabaki ya Augusteum. Hapa napenda kulinganisha na Dresden, mji wa jirani. Kanisa la Frauenkirche la huko liliporomoka Februari 1945 baada ya mashambulizi ya mabomu, lakini lundo la mawe yake liliachwa palepale kwa zaidi ya miaka 40, na ujenzi mpya ulipoanza katika miaka ya 1990 mawe mengi ya zamani yalitambuliwa na kurudishwa mahali pake, hata kanisa likawekwa wakfu tena tarehe 30 Oktoba 2005. Leipzig haikuwa na nafasi hiyo. Waliofukia kifusi hawakubomoa jengo tu, bali walifunga na mlango wa kulijenga tena kwa mawe yake, na kwenye kiwanja wakajenga jengo kuu jipya la chuo, ambalo juu ya lango lake, takribani mahali ilipokuwa madhabahu, waliweka mchongo wa shaba wa Karl Marx wenye uzito wa tani 33. Umati uliokusanyika uwanjani hapo Oktoba 1989, katika maandamano yaliyosaidia kuiangusha serikali hiyo, ulikusanyika mbele ya mchongo huo, baada ya sala za Jumatatu katika Kanisa la Mtakatifu Nikolai lililo hatua chache kutoka hapo.

Baada ya 1990 mtu angetarajia jambo liwe jepesi. Halikuwa. Chama cha raia kilichoanzishwa mwaka 1992 kilidai kanisa lijengwe kama lilivyokuwa. Uongozi wa chuo, ambacho sasa kilikuwa kimerudisha jina lake la zamani, ulitaka ukumbi wa kisasa wa mikutano. Mwaka 1998, miaka 30 baada ya mlipuko, fremu ya chuma iliyochora umbo la ukuta wa mbele wa kanisa ilisimamishwa juu ya mchongo wa Marx. Mwaka 2003 serikali ya jimbo la Saxony ilipounga mkono wazo la kulijenga upya, mkuu wa chuo Volker Bigl na manaibu wake walijiuzulu kwa kupinga. Mmiliki huyohuyo wa mwaka 1968, safari hii akiwa huru kabisa, bado hakulitaka kanisa, ingawa kwa sababu nyingine: wasomi wengi waliona kwamba chuo cha umma katika jamii ambayo wengi wake hawana dini tena hakipaswi kujenga nyumba ya ibada. Hoja hiyo si ya chuki wala siipuuzi. Ninachokiona ni kwamba waliibua swali la mmiliki bila kulitazama swali la deni. Chuo kilikuwa kimepiga kura ya kuvunja, na deni la kura hiyo halikufutika kwa sababu waliopiga kura walikuwa wamestaafu au wamekufa.

Suluhu iliyopatikana ni jengo lililosanifiwa na Mholanzi Erick van Egeraat, lililokusudiwa kuwa tayari kwa maadhimisho ya miaka 600 ya chuo mwaka 2009 lakini likafunguliwa Desemba 2017. Jina lake rasmi linabeba pande zote mbili za mgogoro, Paulinum, ukumbi mkuu na Kanisa la Chuo Kikuu la Mtakatifu Paulo. Ukuta wa mbele unakumbusha umbo la zamani huku dirisha lake la duara likiwa limesogezwa kando, kana kwamba limenaswa katikati ya kuanguka. Ndani, matao ya dari yamefuata mchoro wa zamani, na baadhi ya nguzo za kioo zenye mwanga zinaning'inia kutoka juu bila kufika sakafuni. Madhabahu ya zamani imerudi, na vibao vya ukumbusho vilivyotengenezwa upya kwa kazi ya miaka mingi vimewekwa tena ukutani. Mchongo wa Marx uliondolewa mwaka 2006 na sasa uko kwenye eneo lingine la chuo, pamoja na maelezo ya historia yake, jambo ambalo naliona kuwa la busara, kwa sababu nao ni ushahidi.

Kati ya sehemu ya madhabahu na ukumbi wa mikutano umewekwa ukuta mkubwa unaopenyeza mwanga, ambao unaweza kufunguliwa wakati wa ibada na kufungwa wakati wa shughuli nyingine. Chuo kilieleza kwamba unahitajika ili kulinda kazi za sanaa kwa joto na unyevu unaofaa. Wapinzani waliuona kama mpaka kati ya imani na elimu, mahali ambapo kwa karne nne mpaka huo haukuwapo. Jambo lililozidi kuchoma ni mimbari. Ilikuwa imeokolewa mwaka 1968, sehemu zake zilihifadhiwa na kufanyiwa matengenezo, wapenzi wa kanisa walichangisha fedha, na bado siku ya ufunguzi mwaka 2017 nguzo ambayo ingeshikilia mimbari hiyo ilikuwa tupu, kwa maelezo yaleyale ya hali ya hewa ya ndani na ya matumizi ya ukumbi. Kwa maoni yangu hapo chuo kilikosea. Mimbari ndiyo sehemu ya kanisa iliyohusu chuo moja kwa moja, maana juu yake walisimama maprofesa wake wenyewe kuhubiri, na kati ya vitu vyote vilivyotolewa na wale mafundi katika wiki ile ya Mei, huku baruti ikipachikwa kando yao, hiyo ndiyo ambayo chuo kingeirudisha bila kulazimika kukubali imani ya mtu yeyote, bali kwa kukiri tu kile ambacho seneti yake ilikitoa tarehe 16 Mei 1968.